Kishingo na Mama Mkwe

Mama mkwe wangu alihamia kwetu Msamala mwezi wa sita, wakati baridi ya Songea inapowafanya hata wanaume kutembea wamejifunga vitenge mabegani asubuhi. Alishuka kwenye gari la Namtumbo akiwa na begi moja dogo la nguo na magunia mawili ya mahindi. Nikamwamkia, nikambebea begi, nikamshukuru kwa chakula.

"Haya siyo yenu," akasema akiyaonyesha magunia kwa kidevu. "Ni ya kuku. Mwanangu kaniambia unafuga."

Nilikuwa na kuku kumi na mmoja wakati huo, chotara wa mayai, nimewajengea banda nyuma ya nyumba karibu na mti wa parachichi. Mimi ni fundi cherehani. Nashonea barazani, na kuku walikuwa ndio wenzangu wa mchana, maana mume wangu ni dereva wa lori, akirudi leo keshokutwa hayupo, na watoto wetu wawili wako shule za bweni. Mayai tulikula, mengine nikawauzia wateja wanaokuja kupimwa nguo. Chakula cha kuku nilikipima kwa kopo: pumba, vumbi la dagaa wa Nyasa, na chokaa kidogo ya mifugo nikikumbuka. Ukweli ni kwamba sikukumbuka mara nyingi.

Mama mkwe aliliangalia lile kopo siku ya kwanza akaguna. Kwake kupimia kuku chakula ilikuwa sawa na kumpimia mgeni wali. Kuanzia siku ile asubuhi alimwaga mahindi, mchana akamwaga mahindi, na jioni akizunguka na bakuli akiwaita kwa sauti ambayo jirani alidhani anaita watoto. Kuku walimpenda kupita kiasi. Walimfuata mpaka mlangoni mwa choo.

Sijui ni mkwe gani anayeweza kumwambia mama wa mume wake, wiki ya kwanza, kwamba analisha kuku vibaya. Wiki ya pili ikapita, nikaona nimechelewa. Kuku wakanenepa wakawa kama mito ya makochi.

Mwezi wa nane, asubuhi moja, nikamkuta kuku wangu mwekundu amesimama wima katikati ya uwanja kama mtu anayesikiliza wimbo wa taifa. Mkia ameushusha, manyoya ameyavimbisha, macho nusu yamefumba. Kila baada ya muda anachuchumaa, anajikamua, anasimama tena. Aliingia kwenye kiota, akatoka, akaingia tena. Upanga wake uliokuwa mwekundu kama pilipili ulikuwa umepauka.

"Amekula kitu huyo," mama mkwe akasema. "Leta kisu kabla hajafa. Akishakufa hatuli."

Nikamwomba anipe dakika tano. Afisa mifugo wa kata yetu ni binti mmoja ambaye nimemshonea nguo mara kadhaa, namba yake ninayo. Nikampigia.

"Dada, mshike," akaniambia. "Umpapase tumbo hapo nyuma, chini ya mkia, taratibu sana. Unagusa kitu kigumu?"

Nikapapasa. Kilikuwepo, kigumu, cha mviringo, palepale.

"Ni yai limekwama. Usilibane likapasukia ndani, utamuua. Chemsha maji, yawe ya vuguvugu kama ya kumwogeshea mtoto mchanga. Mkalishe humo dakika ishirini. Halafu mpake mafuta kwenye njia ya yai, mweke mahali pa joto penye giza na utulivu. Una chokaa? Mnyweshe kidogo kwenye maji. Kufika mchana halijatoka, nipigie nije."

Basi nikateleka maji kwenye jiko la mkaa, nikayapima kwa kiwiko, nikamkalisha kuku kwenye beseni la kufulia. Nilitarajia vita. Kumbe alipogusa yale maji akalegea, akafumba macho, shingo ikalala mkononi mwangu.

Mama mkwe alikuwa ameegemea mlango, kiganja mdomoni.

"Jamani! Kuku anakandwa kama mzazi! Na uji wa pilipili manga utampikia?"

"Akijifungua salama, Mama, nitampikia."

Alicheka mpaka akatafuta kiti. Lakini alileta mwenyewe kitambaa cha kumkaushia, na alipoona namna nilivyokuwa nampaka vaselini kwa woga akaniambia, "Paka, paka, wewe unamtekenya tu." Tukamweka kwenye boksi jikoni, tukalifunika kwa khanga.

Saa saba mchana ikasikika sauti jikoni. Yai lilikuwa kubwa ajabu, ganda lake likikwaruza kama msasa, limelala kwenye boksi na mwenyewe amesimama pembeni akilitazama kana kwamba si lake. Mama mkwe akapiga kigelegele. Mteja wangu mmoja, aliyekuja kujaribisha gauni la kipaimara la binti yake, akauliza kwa furaha nani kajifungua, na ikanibidi nieleze.

Jioni ile afisa mifugo alipita mwenyewe. Akamwamkia mama mkwe kwa adabu zote, akaingia bandani, akawa anamshika kuku mmoja mmoja, anampapasa, anamweka chini. Alipofika wa tano akaniuliza, "Dada, nani anawalisha mahindi?"

Mimi nikaanza kutafuta sindano iliyodondoka. Hakuna sindano iliyokuwa imedondoka.

"Mimi," mama mkwe akajibu.

Yule binti akakaa kwenye kigoda karibu naye, akaeleza bila kumwaibisha. Kuku mtagaji akinenepa sana, mafuta yanaibana njia ya yai. Mayai yanakuwa makubwa, misuli inalegea. Akikosa chokaa, hana cha kutengenezea ganda wala nguvu ya kusukuma. Akatuonyesha vitu vya kuangalia kila asubuhi: mkia ulioshuka, mwendo wa kibata, upanga uliopauka, manyoya ya nyuma yaliyochafuka, mayai yenye ganda laini, tumbo lililovimba.

"Na mwingine akijikamua sana," akasema, "kizazi chenyewe kinatoka nje."

"Kikitoka anakufa?" mama mkwe akauliza haraka.

"Hapana, mama. Akiwahiwa, wengi wanapona. Shida ni wanaojificha pembeni. Ukija kuona, wenzao wameshawadonoa."

Mama mkwe akatikisa kichwa polepole, akaangalia pembeni. Nilidhani anajuta kwa ajili ya mahindi. Kesho yake alianza kutumia kopo bila kuambiwa, na maganda ya mayai akayakausha juani, akayatwanga, akawawekea kwenye kifuniko cha ndoo.

Lakini unene hauishi kwa siku mbili. Kama siku kumi baadaye nilikuwa barazani nakata kitambaa, nikasikia fujo uani. Tulikuwa na kuku mmoja wa kishingo, wale wasio na manyoya shingoni, mtagaji hodari kuliko wote na mwenye sura mbaya kuliko wote. Jina lake lilikuwa Kishingo, hatukusumbuka kutafuta lingine. Alikuwa anakimbia kuzunguka parachichi, na nyuma yake kunaning'inia kitu chekundu, chenye unyevu, ukubwa wa nyanya. Kuku wengine wawili wanamfukuza, wanakidonoa.

Nikatupa mkasi. Lakini kabla sijashuka ngazi, mama mkwe alishapita. Huyu ni mtu aliyetuambia magoti yake ni mabovu, anayeswali ameketi kwenye kiti, ambaye kwenda dukani alisema ni mbali. Alikimbia. Aliwatawanya wale kuku kwa kandambili, akavua khanga ya mabegani, akamfunika Kishingo na kumkumbatia kifuani.

"Maji!" akaniambia. "Maji ya vuguvugu, upesi!"

Kwenye simu afisa mifugo alisema yuko Madaba kwenye chanjo, hawezi kufika, ila atanielekeza. Nikavaa glovu. Mama mkwe akakaa kwenye kigoda, amempakata Kishingo kichwa kikiwa kwapani mwake, nyuma kumenielekea. Nikaosha na maji yenye chumvi kidogo, mpaka uchafu na damu vikaondoka. Palikuwa pamevimba sana, nikapaka sukari iliyolowanishwa ili uvimbe unywee, tukasubiri. Kisha vaselini, na kidole, nikaanza kurudisha ndani taratibu.

"Vumilia," mama mkwe alikuwa anamwambia kuku. "Vumilia, mwanangu. Karibu inaisha."

Kikaingia. Nikashikilia pale kwa kiganja, maana niliambiwa nisiachie upesi.

"Ni hivyo tu?" akaniuliza. "Unasukuma ndani, unashikilia?"

"Ndiyo, Mama. Kinaweza kutoka tena, tutarudia."

Halafu akasema, akiangalia ile shingo isiyo na manyoya, "Na mimi huwa nasukuma hivyohivyo. Kinatoka tena."

Nilidhani sijasikia vizuri. Nikamtazama. Machozi yalikuwa yanamshuka bila sauti, na hakuweza kuyafuta kwa sababu mikono yote miwili ilimshika kuku. Na mimi sikuweza kumfuta kwa sababu mkono wangu mmoja ulikuwa pale ulipokuwa na mwingine una vaselini mpaka kwenye kifundo. Basi tukakaa hivyohivyo, wanawake wawili na Kishingo katikati, akanieleza.

Ilianza alipomzaa mtoto wake wa mwisho, shemeji yangu, ambaye sasa ana ndevu na watoto. Uzazi ulikuwa mgumu, na kabla ya arobaini kuisha alisharudi kwenye mizigo ya tumbaku. Siku moja shambani akasikia kitu kimeshuka. Alimwambia shangazi yake, naye akamjibu kwamba mwanamke hasemi mambo hayo, avae nguo ya kubana na asinyanyue vizito. Asinyanyue vizito, Namtumbo, msimu wa tumbaku! Marehemu mume wake alijua nusu. Watoto hawakujua kitu. Akikohoa, mkojo unamponyoka. Ndiyo maana aliogopa safari ya kwenda dukani, ndiyo maana kila siku kulikuwa na vipande vya khanga vimeanikwa nyuma ya banda, ambavyo mimi nilidhani ni vya kufutia vumbi.

"Na magoti?" nikauliza.

"Magoti yangu hayana kitu. Nikisujudu kinashuka. Naogopa nitachafua mkeka wa watu."

Nilimwambia tunakwenda hospitali. Akakataa. Nikamwambia tena kesho yake, tukiwa tunamrudishia Kishingo kizazi kwa mara ya pili, maana kilikuwa kimetoka tena. Akakataa, ila kwa sauti ndogo zaidi. Siku ya tatu kilipotoka tena akaniuliza, "Mwanangu ataambiwaje?"

"Ataambiwa mama yake anaumwa ugonjwa wa kike. Hataongeza swali."

Na kweli. Mume wangu alipiga simu akiwa njiani Makambako. "Mama anaumwa nini?" "Ugonjwa wa kike." Akajibu upesi, "Haya, nimeelewa, nitatuma nauli." Alikuwa hajaelewa chochote, lakini alituma.

Kishingo tulikuwa tumemweka peke yake kwenye boksi, gizani, chakula kidogo, ili apumzike kutaga. Baada ya mara ya tatu kizazi hakikutoka tena. Mama mkwe alimkagua kila asubuhi kwa siku tano, akinyanyua mkia na kuchungulia kama fundi wa pikipiki. Siku ya sita akavaa baibui jipya, akasema, "Twende basi."

Tulikodi bajaji. Hospitalini tulikutana na daktari mwanamke wa makamo, mpole, mwenye miwani ya kuning'inia. Mama mkwe alikuwa amejiandaa njia nzima, lakini alipoulizwa anasumbuliwa na nini maneno yote yakapotea. Akanitazama, akamtazama daktari, akasema, "Nina ugonjwa wa kuku."

Daktari aliweka kalamu mezani. Mimi nikaharakisha kueleza habari ya Kishingo, na beseni, na sukari. Daktari alisikiliza mpaka mwisho, midomo ikimchezacheza, na aliposhindwa kujizuia akacheka, na mama mkwe akacheka, na mimi nikacheka mpaka muuguzi akafungua mlango kuona kuna nini. Baada ya hapo kila kitu kikawa rahisi. Alipimwa. Daktari akamwambia kwamba kizazi kimeshuka, kwamba anaona wanawake wengi wenye tatizo hilo, kwamba kuna wanaowekewa pete maalumu ya kukishikilia na kuna wanaofanyiwa upasuaji, na kwa jinsi chake kilivyoshuka na afya yake ilivyo nzuri angemshauri upasuaji.

"Kwa hiyo wengine wapo?" mama mkwe akauliza. Hilo ndilo alilolibeba katika maelezo yote.

"Wapo wengi, mama. Wanakuja wamechelewa kama wewe."

Alilazwa kwa upasuaji wiki mbili baadaye. Nilikuwa nampelekea uji asubuhi na supu jioni, katikati nikishona sare za shule, na kuku nikiwatupia chakula bila hata kuwatazama. Ndiyo maana sikumwona kuku wa kijivu mpaka alipokuwa amekaa chini, tumbo limevimba, na akiinuka anatembea kwa kuyumba kama bata. Afisa mifugo alimpapasa akanishika mkono akauweka pale. Lilikuwa laini na zito, kama mfuko wa maji. Alitoa kidogo kwa sindano, yakaja ya njano, mazito, yenye harufu.

"Kiini cha yai badala ya kuingia kwenye njia yake kimemwagikia tumboni," akasema. "Kimeoza humo. Nitamchoma dawa, lakini siwezi kukuahidi kitu. Nitawapa dawa na wale wawili pale ninaoona wanalegalega, na mayai yao usiyale wala kuyauza mpaka nikwambie."

Kuku yule alikufa siku ya tatu. Nilimchimbia shimo refu karibu na ua na nikamwaga chokaa. Nilisikitika kuliko nilivyotarajia, nadhani kwa sababu nilijua dalili zote, nilishafundishwa, na nilikuwa nampita kila siku nikikimbia na chupa ya uji.

"Kuku hawajambo?" mama mkwe akaniuliza kitandani.

"Hawajambo," nikadanganya. Mshono ulikuwa wa siku mbili, sikutaka kumpa mawazo.

Aliporudi nyumbani aliwahesabu kabla hajaketi. Akanigeukia. Nikamweleza, nikaomba radhi.

"Ungeniambia," akasema. "Mimi na wewe tumeshamaliza mambo ya kufichana."

Daktari alimkataza kunyanyua hata ndoo ya lita tano kwa wiki kadhaa. Kwa hiyo alikaa barazani karibu na cherehani yangu akitoa amri. Alinikataza kuwapa kuku mahindi. Aliwakagua wateja wangu mwendo. Mama mmoja mjamzito alipokuja kupanuliwa gauni, mama mkwe alimshika mkono akamweleza habari za kupumzika baada ya uzazi, kwa kirefu, mpaka yule mama akasahau gauni. Nilimwonea aibu kidogo, halafu nikaacha.

Mchana mmoja nilikuwa nashona pindo, nikainua macho. Mlango wa sebuleni ulikuwa wazi. Alikuwa anaswali, na kiti kilikuwa kimesogezwa ukutani. Alisimama, akainama, akashuka polepole akishika sakafu kwa mkono, akaweka paji la uso kwenye mkeka. Akakaa pale muda mrefu. Niliondoa miguu kwenye cherehani ili isipige kelele.

Alirudi Namtumbo mvua zilipokaribia, akisema shamba halimngoji mtu, ingawa shamba lenyewe sasa analilima shemeji. Kishingo alibaki na mimi. Hatagi tena kama zamani, yai moja moja, na afisa mifugo ameniambia nisimlazimishe.

Mwezi wa pili mama mkwe alipiga simu asubuhi, akaniambia nipike chakula cha watu watatu wa ziada, wako njiani. Sikuuliza ni nani. Gari lilipofika akateremka yeye kwanza, mwepesi, akawashika mikono wazee wawili. Mmoja alikuwa wifi yake, mwingine jirani yake wa miaka mingi. Nikawaamkia, wakaitikia marahaba huku wakitazama chini. Walitembea polepole, kwa hatua fupifupi, khanga zimefungwa kwa nguvu viunoni.

"Hawa nao wamechelewa," mama mkwe akaninong'oneza. "Nimewaambia daktari haogopeshi."

Niliwapa chai na mayai ya kuchemsha. Mwanzoni walikula wakitazama vikombe. Halafu mama mkwe akaanza kuwasimulia habari za beseni na vaselini, akiigiza mpaka sauti ya kuku, na wifi yake akacheka hadi akalazimika kushika tumbo na kuomba aonyeshwe choo upesi, na hata hilo likawachekesha wote watatu. Nilikwenda pembeni, nikapiga simu hospitalini kuuliza siku za yule daktari. Wakaniambia kesho yupo. Asubuhi tukakodi bajaji mbili.